Kiuno Kipya cha Mkweche Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeanza kutubu.

Daktari amenisikiliza kifua, akakunja uso kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Moyo umechoka, amesema. Kisha akanishika mkono kwa upole, akaniambia kwamba huu ndio wakati wa kuyaweka sawa ya nyuma, kwani ya mbele hayamo mikononi mwetu.

Maneno ya hekima! Na kijana huyu nilimfundisha fizikia, siku zote alikuwa akichungulia majibu ya mwenzake. Nimetoka pale na nguvu mpya. Ya nyuma! Amejuaje? Mbele ya gari langu hapana neno. Balaa lote liko nyuma.

Basi nimenunua shajara hii. Nitaandika dhambi za kila siku zikiwa bado moto, ili nikifa asitokee mtu wa kubahatisha.

Gari langu ni mkweche, sikatai. Likikata kona, nyuma yake hulala upande kama meza yenye mguu mfupi. Mke wangu alikuwa akikaa nyuma, kwa sababu kiti cha mbele nilikitoa nikaweka sanduku la vifaa. Mwaka jana, kwenye ule mzunguko wa barabara wenye bustani katikati, aliteleza kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na trei ya mayai ikamfuata. Akashuka, akajifuta ute wa yai kwenye nyusi, akaapa kwamba hatapanda tena bata huyu. Tangu siku hiyo hupanda gari la mdogo wake, yaani shemeji yangu, jirani yetu. Gari jipya. Halina hata sauti. Huwezi kujua kama limewaka au limezimwa. Sawasawa na mwenyewe. (Dhambi ya kwanza: kusengenya. Imeandikwa.)

Jumamosi mjukuu wetu anaolewa. Tukiwa mezani nimetangaza kwamba bibi yake bibi harusi atafika harusini ndani ya gari la mumewe. Shemeji, ambaye hula kwetu kila siku kana kwamba kwake kumeungua, amecheka hadi kijiko kikamponyoka. Mke wangu hakucheka. Ametoa hukumu: gari likikata kona zote bila kumbiringisha, atapanda siku zote mpaka mmoja wetu aage dunia. Likimbiringisha hata mara moja, ufunguo anapewa mdogo wake, naye atalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nimekubali. Shemeji ameuliza kama anaweza kuanza kuwapigia simu.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeingia chini ya gari. Kuingia ni rahisi.

Nimeyaona mambo. Springi za nyuma zimechoka kama mimi. Bushi, yale mapete ya mpira yanayozuia chuma kugongana na chuma, yamekauka kama biskuti. Nimeligusa moja likanimwagikia jichoni. Nilitaka kutoka niandike. Sikuweza. Shati limenasa mahali. Nimelala pale nikiimba, ili wapita njia wajue ni kwa hiari yangu.

Shemeji ndiye aliyenivuta kwa miguu. Ameniuliza kama nilikuwa najizoeza kaburi. Nimemwambia kwamba watu wa elimu huanza na uchunguzi.

Nimekwenda duka la vipuri. Muuzaji amesema bushi za gari hili hazitengenezwi tena. Hata aliyezibuni, akasema, yumkini ni marehemu. Haya, nitatengeneza mwenyewe! Mpira ni mpira. Shida ni kupata mpira mnene, mpya, wenye heshima.

Nakiri yafuatayo. Saa ya chakula shemeji alivua viatu mlangoni kama kawaida yake. Viatu vipya, soli ya mpira mnene ajabu. Nilisema naenda kunawa mikono. Nilitumia kisu cha mkate.

Alipomaliza kula alisimama mlangoni muda mrefu, akiwa ameshika ngozi mbili zisizo na chini. Nikasema huenda ni mbwa. Akasema hatuna mbwa. Nikasema ndiyo maana hatumjui.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Bushi zimeingia! Nimefanya majaribio hadi kwenye mzunguko na kurudi. Mlio wa chuma umekwisha kabisa. Badala yake gari linatembea kwa sauti ya mtu mwenye viatu vilivyolowa. Lakini bado linalala kwenye kona. Sanduku la vifaa limehama kutoka kushoto hadi kulia na kurudi, kisha likanikalia mguu.

Nimekaa kivulini nikawaza kisayansi. Kinachokosekana ni chuma kimoja cha kuunganisha gurudumu la nyuma la kushoto na la kulia, ili moja likitaka kulala, lingine lilikatalie. Kama ndoa. Nimeshangaa sikuwaza hivyo zamani, maana ndoa ninayo.

Nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea, mwanamke wanayemwita Cheche, anayetengeneza mageti na madirisha. Nimemweleza kwa ufasaha, kwa mchoro na kwa kanuni mbili. Amenitazama. Nikamweleza tena kwa kusimama, mikono kiunoni, nikiinama huku na huku. Hapo uso wake ukafunguka. Aaa, Mwalimu, akasema, kumbe gari lako limelegea kiuno! Nikasema hasa, hasa. Tangu hapo tumekubaliana kukiita kiuno. Hajawahi kutengeneza kiuno cha gari, lakini amesema kwamba geti pia lina magurudumu.

Nilikokotoa kwamba unene wa kidole gumba ungetosha. Lakini mtu aliye ukingoni mwa kaburi hafanyi mambo kwa uchoyo. Nimemwambia aongeze maradufu. Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba chuma kikiwa kinene maradufu, ugumu wake huongezeka mara kumi na sita. Nilifundisha jambo hilo hadi chaki zikaniogopa. Nimetafakari. Kama ugumu ni mzuri, mara kumi na sita ni mzuri zaidi. Leo nitalala kama mtoto.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya majaribu. Nayaandika yote.

Asubuhi Cheche amepiga simu. Masikio yangu si kama zamani, kwa hiyo simu huwa naiongelea kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Aliuliza kama nina hakika na unene. Nikasema, naam, kiuno kiwe kinene! Kiwe kigumu! Hiki cha zamani kimelegea, nimevumilia miaka yote hii, sasa basi! Akauliza alete lini. Nikasema leo hii, moyo wangu hausubiri. Nikamwomba asimwambie mke wangu, nataka akione Jumamosi, ashtuke.

Sikujua kwamba mke wangu alikuwa anaanika nguo chini ya dirisha.

Chai ilikuja bila sukari. Baadaye haikuja kabisa. Mto wangu nimeukuta sebuleni, juu ya kochi, na blanketi limekunjwa vizuri kama la mgeni. Nimeuliza kulikoni. Amesema yeye ni wa zamani, hasikii vizuri.

Adhuhuri shemeji ametumwa. Amekuja amevaa kandambili za dada yake, akaketi karibu nami kwa huzuni kubwa. Ameniuliza: shemeji, kwa umri huu? Na moyo huu? Nikamjibu kwamba ni kwa sababu ya moyo huo ndiyo maana nina haraka. Akauliza nilimpata wapi. Nikasema anafanya kazi zake kando ya barabara, wanamfahamu wote, hata mkuu wa shule amewahi kumwita nyumbani mara mbili, na akaridhika. Shemeji akashika kichwa. Akauliza, na dada yangu? Nikasema dada yako atakikalia mwenyewe Jumamosi, mbele ya harusi nzima, na atanishukuru. Akainuka akaenda kunywa maji, sikumwona tena kwa muda.

Niliwaza, wivu wa magari ni ugonjwa.

Jioni tukasikia hodi getini, na sauti ya kuvunja kioo: Mwalimu! Kiuno chako hiki hapa, kingali moto!

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko. Shemeji alitoka nyuma yake ili amzuie, au amsaidie, sijui. Nami nikatoka na taulo. Pale getini alisimama Cheche, miwani ya kazi kwenye paji la uso, masizi mashavuni, na begani amebeba chuma kinene kilichopindwa kama mkono wa mtu aliyejishika kiuno. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, amekitia maua. Ua kubwa la chuma katikati, na ncha za mkuki kila upande, kama za geti la mkuu wa shule.

Mke wangu alikitazama kile chuma. Akamtazama Cheche. Akanitazama mimi na taulo langu. Akauliza kwa sauti ndogo, hicho ndicho kiuno? Cheche akasema ndicho, mama, cha gari. Mke wangu akakaa chini hapo hapo kwenye ngazi, akacheka hadi mwiko ukamtoka mkononi. Alicheka hadi akaomba maji, akaletewa, akacheka tena akayamwaga. Shemeji akasema hakuona cha kuchekesha. Hapo akacheka zaidi.

Mto wangu umerudi chumbani. Ameniambia kwamba hata kama hicho kiuno kingekuwa mwanamke kweli, angenirudisha kesho asubuhi kwa kukoroma kwangu, tena angeomba radhi.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kiuno kimefungwa! Cheche chini ya gari, mimi juu ya kiti nikitoa nadharia. Amesema nadharia zinamwingia machoni, nisogee. Lile ua limebaki likining'inia chini katikati kama mkufu. Nimemwomba alikate. Amesema ua ndilo sahihi yake, na kwamba hajawahi kutoa kazi tupu.

Tukafanya majaribio. Mimi kwenye usukani, shemeji nyuma na gari lake ili awe shahidi. Nikaingia kwenye mzunguko kwa mwendo wa kijana.

Ajabu! Halikulala hata kidogo! Lilikata kona limesimama wima kama askari wa gwaride! Sanduku la vifaa halikusogea. Usukani mwepesi, pua ya gari inaingia pale pale ninapoielekeza. Nilitaka kulia. Watu wa kituo cha mafuta walisimama wakapiga makofi, wakaonyesha kwa vidole, mmoja akavua kofia. Nikawapungia mkono. Elimu haiozi.

Shemeji alinikuta nyumbani amefura. Eti gari langu, likikata kona, linanyanyua mguu mmoja wa nyuma hewani. Eti gurudumu zima linaacha barabara na kuzunguka peke yake. Eti kama mbwa aliyeona nguzo. Nikamwambia kwamba gari lenye magurudumu manne haliwezi kwenda kwa matatu. Akasema amekwisha kuliona kwa macho yake mawili. Nikamuuliza kama ni macho yale yale yaliyoshindwa kumwona mbwa akila soli. Akanitazama, akainama chini ya gari, akatazama bushi zangu. Nikaona niende kupumzika.

Nakiri kwamba usiku huu, kitandani, nilikumbuka tena ile hesabu ya mara kumi na sita. Nikageukia ukutani.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika kwa penseli, nitaeleza kwa nini.

Asubuhi mke wangu alitoka amevaa gauni la rangi ya samli na kofia pana. Shemeji alikuwa ameegesha mbele ya geti, mlango wazi, injini imewaka au imezimwa, Mungu anajua. Akamwambia dada yake bado hajachelewa kubadili nia. Mke wangu akasema neno lilishatoka. Akafungua mlango wa nyuma wa gari langu, akakung'uta kiti, akaketi katikati kabisa, mkono mmoja juu ya kofia, mwingine ameshika kiti changu. Akaniambia: twende, mzee, na kumbuka ufunguo.

Sijawahi kuendesha nikiogopa hivyo. Kona ya kwanza, ya duka la dawa: kimya. Ya pili, ya kiwanda cha matofali: kimya. Nikatazama kwenye kioo. Amekaa wima, hajasogea. Nikaanza kupiga mluzi.

Kisha mzunguko.

Niliingia polepole, naapa. Lakini nyuma yetu lori lilipiga honi, mguu wangu ukashtuka, ukakanyaga mafuta. Gari likajikita. Halikulala! Ila nikahisi kitu, namna ya wepesi, na kwenye kioo nikaona mke wangu anapanda. Hatelezi kulia wala kushoto. Anapanda! Kofia ikagusa dari. Nikaona mdomo wake umefunguka, na sauti haitoki.

Nikajua mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, shemeji alisema kweli. Pili, ufunguo umekwenda.

Tulipomaliza nusu duara gurudumu likashuka, puu. Nikaanza kujitetea bila kugeuka. Nikamwambia kwamba makubaliano yalisema kubiringisha, hayakusema kupaisha, kwamba kisheria na kisayansi kuna tofauti kubwa. Nikamwomba angalau tufike harusini kwanza, mjukuu asituone tumeshuka njiani. Nilihisi mkono wake begani. Ulikuwa umenibana kama koleo. Nikasema moyoni, nimemvunja mama watoto wangu, na siku ya leo.

Akasema: zunguka tena.

Nikadhani masikio yangu yananidanganya. Akanigonga begani. Zunguka tena, we mzee, akasema, kwa mwendo ule ule, na usipunguze!

Nikazunguka. Gari likanyanyua mguu. Mke wangu akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wachumba, siku tulipopanda baiskeli moja kushuka mlima na breki zikakataa. Yoooo! Tukazunguka tena. Kofia ikatoka dirishani. Akasema iache, itajijua. Madereva walisimama kututazama. Shemeji alikuwa amesimama kando ya mzunguko, kichwa nje ya dirisha, akipiga kelele kwamba ndani ya gari lake kuna keki, na kwamba bibi harusi anangoja. Tukampita. Tukampita tena. Dada yake akampungia.

Tulifika harusini mke wangu hana kofia, nywele zimesimama, mashavu yamewaka. Binti yetu mkubwa aliuliza kama tumepata ajali. Mama yake akasema, bado. Kisha akaeleza habari ya kiuno kwa meza nzima, na meza ya pili, na ndugu wote wa upande wa bwana harusi, kwa mikono. Shemeji akataka ufunguo wake. Mke wangu akasema mbele ya watu kwamba hakubiringika hata kidogo, aliinuliwa, na mwanamke wa umri wake akiinuliwa hana malalamiko.

Nilicheza. Nakiri. Daktari alinikataza ngazi na chumvi, kucheza hakukutaja. Katikati ya wimbo wa pili sakafu ilianza kulala upande, nikawaza, hii nyumba haina kiuno. Kisha nikawa kwenye gari langu, nimelazwa nyuma, kichwa mapajani mwa mke wangu. Alikataa gari la mdogo wake. Alisema huko nitachoka bure, hili nimelizoea. Shemeji ndiye aliyeendesha. Tulipofika kwenye mzunguko nilisikia gurudumu likipaa, na shemeji, mtu mzima, mwenye gari lisilo na sauti, akipiga kelele: hiiiii!

Hospitali hawana kalamu. Wana penseli.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Moyo ulijisahau kidogo, amesema daktari, sasa umekumbuka. Nitalala hapa siku chache. Amesema kwamba kwa hali yangu kila asubuhi ni zawadi. Nimekubaliana naye, na nikamweleza nguvu za msokoto katika chuma. Bado mzito, maskini.

Shemeji amekuja kunitazama. Amezungukazunguka kitanda, akasifu mapazia. Mwishowe ametoboa: anataka kiuno. Kwa gari lake jipya. Nimemwambia kwamba gari lake ni zima, halina haja. Akasema ndiyo hasa linalomsikitisha. Nimemwelekeza kwa Cheche, nikamwambia aombe maradufu ya maradufu. Ameniuliza kama ni salama. Nikamwambia mimi ni mwalimu.

Baada ya hapo nimekiri habari ya soli. Nilitaka kufa msafi. Ameuliza kama mpira wa viatu vyake ulistahimili kona. Nikasema ulistahimili vizuri sana. Ametoka akitembea kwa maringo.


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Leo wamenipeleka kupigwa picha ya kifua, nimelala juu ya kitanda cha magurudumu. Aibu! Kitanda hiki, kikikata kona ya korido, kinalala upande wote. Mgonjwa anateleza na shuka lake. Nimemuuliza muuguzi anayesukuma kama hajaliona jambo hilo. Amesema yeye hutazama mbele. Tatizo la nchi nyingi.

Nimepima kwa viganja. Chuma kimoja kinatosha, kati ya gurudumu la nyuma la kushoto na la kulia. Unene wa penseli. Maradufu, kwa usalama. Na kwa kuwa sakafu ya hapa ni laini, nadhani tukiondoa pia ile breki ndogo inayosuguasugua, tutapata mwendo wa kuridhisha.

Mke wangu amekuja na chungwa na miwani yangu. Nimemweleza. Nilitegemea anikemee, aniambie mzee, tulia, ufe kwa utaratibu. Amemenya chungwa, akanipa nusu, akatazama korido upande huu na ule. Kisha amevua viatu, akapanda kitandani, akaketi miguuni pangu akishika vyuma vya pembeni kwa mikono yote miwili.

Ameuliza shemeji anafika saa ngapi, maana mtu wa kusukuma lazima awe na nguvu.